Njia Aliyoipindisha Babu

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta una nguvu, na ng'ombe wamepata majani. Mimi ni mzima wa mwili. Moyoni nina hasira, na sitaificha kwa kisingizio cha adabu.

Uliniarifu kwamba wakili wa mwekezaji amewasilisha mbele ya Baraza la Ardhi ramani ya wakoloni, akidai bonde letu halikuwa na maji wala watu. Siku yangu ya mapumziko nilipanda treni kutoka Tottenham, huku ughaibuni ninakoishi, hadi kwenye hifadhi ya nyaraka za wakoloni, nikaomba karatasi ileile. Milima imechorwa kwa ustadi ambao mimi, mwenye shahada ya upimaji, nauheshimu. Lakini penye visima vyetu saba wameandika kwamba hapana maji. Nilitamani kuichana.

Kisha nikakumbuka kisa mnachokisimulia kila harusi ya ukoo: jinsi Babu, aliyewaongoza wapimaji wale, alivyoagiza visima vifunikwe kwa matawi ya miiba, akawazungusha nyikani wasione tunaponyweshea. Nami nilikuwa nacheka. Leo kicheko kile ndicho silaha ya adui yetu.

Nilipokupigia simu kukusihi ukisimulie barazani, ulinijibu, "Mwanangu, hiyo ni siri ya ukoo. Sitamwita baba yangu mwongo mbele ya wageni." Nilikata simu bila kuaga. Kwa hilo naomba radhi. Kwa hasira yangu siombi.

Juzi nilirudi na lenzi. Nakala nimeiambatisha. Tazama mstari wa vitone: ndiyo njia waliyopita. Unateremka mlimani umenyooka, ukikaribia visima unapinda, unazunguka nusu duara, kisha unanyooka tena. Hapo hapana kilima wala korongo. Ardhi ni tambarare kama sinia. Nani huzunguka mahali pasipo na kitu? Wamekichora kwa mikono yao wenyewe kile alichowaficha Babu.

Karatasi itaonyesha kwamba njia ilipinda. Sababu unaijua wewe, na kesi hii tutashindwa ukinyamaza. Babu hakudanganya ili tufukuzwe, Baba. Alidanganya ili tubaki.

Mpe Mama heshima zangu, na Shangazi aliyenilea wakati wa masomo. Kaka yangu Lekishon, mlinzi wa visima, msalimie sana. Kisha mwambie kwamba siku baraza litakapokuja kukagua bonde, miiba yote anayovifunikia visima hadi leo aiondoe mapema.

Bintiyo akutiiye, ila katika hili,
Nasieku