Watoto wa Kwanza wa Jiwe

Taitung, 3 Machi 1987

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Magimbi yalifika salama, mawili tu yalioza.

Daktari amesema Manoyo hataona kamwe, kazaliwa hivyo. Baba yake amepanda meli kuja kuwaomba wazee tumlete nyumbani. Hapa mjini nafungasha matopetope kiwandani naye mgongoni, na msimamizi kachoshwa na kilio chake. Nami nimechoka. Msaidie mkweo kusema.

Mwanao,
Mama Manoyo

Kisiwani, 28 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mguu ni uleule.

Mumeo alifika. Wazee wakamkalisha, wakamsimulia kisa kana kwamba ni mgeni: mtu aliyetoka jiweni na mtu aliyetoka kwenye mwanzi, kila mmoja akazaa watoto kutoka magotini mwake. Watoto wa jiwe wakaoana wenyewe kwa wenyewe, wakazaa vipofu. Ndipo wakabadilishana wachumba na watoto wa mwanzi, wakazaa wazima.

“Babu zenu walikuwa ndugu,” wazee wakamwambia. “Tuliwakataza kuoana!”

Mama mkwe wako akadakia, “Huyo mkewe atazaa nini zaidi ya kokoto?” Katekista anayeniandikia amekataa kuandika nilivyomjibu. Watu walicheka. Mumeo hakucheka, wala hakuomba tena mtoto aletwe.

Wamemtafutia msichana kijiji cha pili. Hajakataa.

Mama yako

Taitung, 9 Aprili

Mama,

Shikamoo. Tu wazima, kama uzima ndio huu.

Yeye simwandikii. Nakuuliza wewe uliyenisimulia kisa hicho nikiwa mdogo. Wale vipofu wa kwanza walikwenda wapi? Nani aliwalisha, wenzao walipozaliwa wazima? Waulize wazee, mbele ya watu. Usikubali wakutanie.

Mama Manoyo

Kisiwani, 2 Mei

Mwanangu mpenzi,

Nakusalimu kwa machozi.

Niliwauliza. Mmoja alikohoa. Mwingine akasema, “We mama, kisa hakisemi.” Nimezunguka hadi kwa vikongwe. Hakuna ajuaye.

Mumeo ameoa. Usimlete mtoto huku. Wanamtaja kama mtu aliyekwisha kupita. Nisamehe, sina nguvu ya kuwashinda.

Mama yako

Taitung, 20 Mei

Mama,

Shikamoo. Pole na mguu. Usiniombe msamaha, hukukosa wewe. Ila akija huyo bwana kukuamkia, usimpe hata maji.

Kiwandani wamenitoa. Nafua nguo za watu, Manoyo kakaa kwenye beseni kando yangu. Hatuji.

Nikimbembeleza, naanza kisa kama ulivyonianzia: jiwe likapasuka, akatoka mtu. Nikifika kwa watoto wale vipofu nanyamaza. Naye anangoja, kageuza sikio kwangu.

Mama Manoyo