Farasi wa Ami Seif

Jumanne, Mawaleh, baada ya Alasiri

Miaka yote Ami Seif anatuambia kwamba yule farasi aliyekuwa akimtunza Uingereza, ujanani mwake, alizeeka akila majani.

Leo nikamsomea kwenye simu historia ya mbio za huko Uingereza za farasi wachanga za kuruka viunzi, nikidhani nnamfurahisha. Nikalikuta jina la farasi wake. Alianguka kwenye kiunzi cha mwisho, akavunjika mguu, akapigwa risasi palepale. Alikuwa na umri wa miaka mitatu tu!

Ami akaweka chini kikombe cha kahawa.

"Hayo nnayajua, mwanangu. Mimi ndiye niliyemshika kichwa."

Na mimi utotoni, kila Idi, nikimuuliza farasi wake hajambo. Kila Idi akinijibu, "Hajambo, anakusalimu."