Jeneza la Mdogo Wangu

Tumba, Jumapili

Neema mjukuu wangu,

Hujambo huko jeshini kaskazini? Sisi wazima. Babako bado anagombana na theluji ya huku ugenini mlangoni.

Uliniuliza mataifa makubwa yakishindana, sisi wadogo inatuhusu nini. Nilipokuwa msichana kule Kongo, taifa moja kubwa liliwapa bunduki vijana wa mtaa wetu, na mpinzani wake akawapa wale wa ng'ambo ya mto. Safari, mdogo wangu, alipouawa, mbao zilikuwa zimekwisha sokoni. Fundi akamtengenezea jeneza kwa masanduku ya risasi yaliyookotwa pande zote mbili. Ubavu mmoja ulikuwa na maandishi ya taifa hili, ubavu wa pili ya lile. Wakubwa wenyewe hawakurushiana hata risasi moja. Katikati yao alilala Safari wetu.

Vaa soksi mbilimbili, mama. Urudi.

Bibi yako