Baba, Aliyefungua Maji Ni Mimi

Baba yangu,

Shikamoo. Marahaba yako nimezoea kutoisikia, lakini salamu siwezi kuiruka. Ungeninunia hata huko uliko.

Nakuandikia nikiwa kwenye boti, Ufaransa. Mume wangu ni wa huku, hilo hukuwahi kulijua, na mama yake amekodi boti ya wiki moja tupite kwenye mfereji wa zamani unaokata mashamba ya zabibu. Ungecheka. Boti inakwenda polepole kuliko ng'ombe wa kijijini kwetu Didia wakirudi wameshiba. Bata wanatupita. Mama mkwe anashika usukani kwa mkono mmoja, mwingine una kikombe cha kahawa, huku akinieleza kwamba mfereji huu ulichimbwa kwa majembe zaidi ya miaka mia tatu iliyopita, na wanawake walibeba udongo kwa vikapu. Nikamwambia hata baba yangu alichimba mfereji, kutoka korongoni hadi kwenye majaluba yetu ya mpunga. Akatabasamu kwa adabu tu.

Tuliuchimba kiangazi kizima, mimi na wewe. Nilikuwa na miaka tisa, na jembe lilinizidi kimo. Nilipokuwa nikisukuma maji kwa miguu ulinikemea: "Maji hayaburutwi kama ndama, Kabula. Yaonyeshe njia, yatakuja yenyewe."

Kisha ukaja ule mwaka mvua ilipokatika, mpunga ukiwa na mimba. Maji yaliyobaki korongoni yakagawanywa kwa zamu, na zamu ya jirani yetu Baba Nkwimba ilitangulia yetu. Jaluba lake, lililo juu ya letu, lilijaa pomoni. Mpunga wetu ulikuwa wa njano. Alfajiri moja nikienda kuchota maji nilisimama pale, nikaona maji yale yote yamekaa tu, nikatoboa tuta lake kwa kisigino. Nilitaka uamke ukute mpunga wetu unakunywa. Mchana jaluba lake lilikuwa tope tupu.

Walinzi wa jadi walipiga filimbi, kijiji kikakusanyika. Ukasimama kabla hujaulizwa. "Ni mimi," ulisema. Nilikuwa nyuma ya khanga ya Mama, mdomo wazi, na sauti haikutoka. Wakakuamuru utoe ng'ombe dume aliwe na kijiji, na mpaka umtoe, tutengwe. Zizi letu lilikuwa tupu. Basi hakuna aliyetuamkia, hakuna aliyetupatia kaa la moto, na Mama alipalilia peke yake.

Ukaenda Rwamgasa, kwenye machimbo ya dhahabu, kutafuta huyo dume ndani ya mwamba. Ulirudi mara moja tu, Pasaka, viganja vimepasuka, ukanibeba begani mpaka kanisani ilhali nilishakuwa mkubwa wa kuchekwa. Miezi miwili baadaye duara lenu, lile shimo mlilokuwa mnashuka kwa kamba, lilibomoka. Waliokuchimbia kaburi ni wachimbaji wenzako wa Kigoma na Singida, Waislamu kwa Wakristo. Kutoka Didia hakuja mtu. Aliyetengwa hazikwi na kijiji.

Nimeishi na jambo hilo, Baba. Nimesoma, nimeolewa, na sijamwambia mtu, hata Mama.

Jana tulifika penye malango ya mfereji. Boti inaingia kwenye chumba cha mawe, lango la nyuma linafungwa, halafu mtu anazungusha mpini wa chuma ili maji ya juu yashuke na boti ipande. Mama mkwe akanipa mimi huo mpini. "Fungua, mwanangu." Mikono ikakataa. Nililia mbele ya watu, mume wangu akadhani naogopa kuzama.

Leo asubuhi nikampigia simu Baba Nkwimba. Kazeeka, lakini sauti ni ile ile.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Kabula, wa Masanja. Baba, lile tuta lako nililitoboa mimi."

Nikasikia kuku wake.

"Ng'wana wane, mwanangu," akasema, "mbona tulijua? Nyayo zilikuwa kwenye tope, ndogo hivi. Tuliziangalia mimi na baba yako, tumesimama pamoja. Akaniambia, 'Hizi ni zangu.' Sasa mimi ningesema nini? Mtu mzima akisema ni zangu, ni zake."

"Na mkamtenga hivyo hivyo?"

"Kosa la mtoto ni la baba yake. Ndivyo ilivyokuwa." Kisha, kwa sauti ya chini: "Hata mimi silali vizuri, mama."

Sijui nimkasirikie nani. Yeye nimemkasirikia, kijiji nimekikasirikia, na wewe, Baba, wewe zaidi. Ulijua! Miezi yote ile tulikula ugali sinia moja, mimi nikikuficha kitu ulichokuwa nacho tayari. Hata ile Pasaka, nikiwa begani kwako, ulikuwa unajua. Kwa nini hukuniuliza? Ungeniuliza mara moja tu, ningesema kweli, na wewe ulinifahamu.

Nadhani ndiyo maana hukuniuliza.

Pumzika, Baba, mimi bado siwezi.

Binti yako aliyenyamaza,
Kabula