Ng'ombe wa Ukuta wa Bucha

Kwako Mutua, fundi wa kumaliza karatasi,

Hapa Makongeni sote wazima, hata jogoo wa jirani niliyemwombea mabaya. Unauliza mbona kila mbwa unayemchora anafanana na meza. Usilie. Miaka ya tisini nilichora ng'ombe kwenye ukuta wa bucha kule Kariobangi, miguu yote minne mstari mmoja kama watu wa foleni. Wateja walicheka. Mwenye bucha akasema, "Kesho kama hajakuwa ng'ombe, ukuta nampa mwingine."

Shosho yako, huyu mke wangu, wakati huo msichana wa kupiga msasa vinyago vya babake hapo kando, alininyang'anya chaki. "Baba huanza na sanduku. Mnyama baadaye." Akachora sanduku limekaa kiupande, kopo likawa shingo, yai likawa kichwa. Miguu ya upande wa mbali akaifupisha kidogo. Haki, ng'ombe akapata tumbo!

Nilipaka rangi kwa kufuata mistari yake. Mwenye bucha alipomwona ng'ombe huyo akasema, "Niongezee mbuzi."

Mbuzi nilimchora mwenyewe, kuanzia sanduku. Shosho yako akamkagua, kisha akaenda kuchungulia nyuma ya ukuta, eti anatafuta ubavu wa pili. Hadi leo sijasifiwa hivyo tena.

Ni mimi babu yako, mwenye sura isiyochoreka.