Mji Mdogo Uliovunja Sare

Jumapili, mwezi wa nne. Mvua tangu alfajiri, kuta za chumba zinatoka jasho, na mimi natabasamu peke yangu kama mwehu.

"Uchaguzi ni wa watu wanaokaa pamoja. Waliotawanyika wafuate wenzao." Hayo aliyaandika kwenye kundi letu la simu Bwana Kassim, katibu wa umoja wetu wa Watanzania hapa Guangzhou, na wengi wakamwekea vidole gumba.

Ni uongo. Umepigwa pasi vizuri, lakini ni uongo.

Miaka yote mwenyekiti wetu huchaguliwa mtaa wa Xiaobei, katikati ya jiji, na watu wa Xiaobei, kwenye mgahawa uleule. Wenzetu wa Shiling, kule mbali kwenye viwanda vya mikoba, huletewa jina lake kama mtu anavyoletewa habari ya msiba. Mama Rukia wa Shiling alipolazwa mwaka jana, hakuna kiongozi aliyekwenda kumjulia hali. Kwa nini aende? Hakuwa na kura.

Nikamjibu Kassim kwa mfano wa Uskoti. Kulikuwa na jimbo la bunge lililoundwa na miji minne isiyopakana: Inverness, Nairn, Forres na Fortrose. Lilifutwa zaidi ya karne moja iliyopita. Hapo mwanzoni kila mji ulituma mjumbe mmoja, na hao wanne ndio waliomchagua mbunge. Inverness, pamoja na ukubwa wake, ilikuwa na kura moja. Fortrose, kamji kadogo ng'ambo ya maji, nako kalikuwa na kura moja. Miji ilipokezana uenyeji, na kura zikifungana, mjumbe wa mji mwenyeji alipiga nyingine ya kuamua.

Nikaandika: sisi nasi tuko wanne. Xiaobei, Zhanqian ya kule stesheni, Shiling na wanafunzi. Na wa kwanza kuwa mwenyeji awe mdogo kuliko wote, yaani Shiling.

"Profesa," Kassim akanijibu mbele ya kundi zima, "umesoma nusu ya kitabu. Wajumbe hao hao si ndio walikuwa wakinunuliwa kwa pombe?"

Kweli. Katika majimbo ya aina hiyo wajumbe walinunuliwa, na wengine hata walifichwa siku ya kura. Wala hapakuwa na mwanamke kati yao. Nilikiri, nikaongeza kwamba kisu kikimkata mpishi hatuachi kula nyama. Tukabishana wiki tatu. Wanafunzi walichoka, Zhanqian wakachoka, na utaratibu ukapita kwa sababu kila mtu alitaka ninyamaze.

Leo tumepiga kura Shiling, nyuma ya duka la Mama Rukia, tumekalia marobota ya ngozi katikati ya harufu ya gundi. Wagombea wawili: Kassim mwenyewe, na Neema, msomi makini niliyempigia debe mpaka sauti ikakauka.

Xiaobei: Kassim. Wanafunzi: Neema. Zhanqian: Neema. Mbili kwa moja.

Kisha Mama Rukia, mjumbe wa Shiling, akasimama. "Kassim," akasema. Mbili kwa mbili. "Na ile kura ya mwenyeji nayo, Kassim."

Nikaruka kutoka kwenye robota langu. "Mama Rukia! Baada ya yote niliyowapigania?"

"Kaka yangu, tumekusoma, Mungu akulipe. Lakini huyu alipoona kura imekuja Shiling, alipanda basi. Mara tatu! Alikaa hapo hapo ulipokaa, akauliza hali zetu, akanywa chai. Akaomba na msamaha kwa ile ya hospitali. Wewe ulikuja lini?"

Watu wakaangua kicheko. Kassim akacheka kuliko wote. "Mjibu laoban, bosi wa mji mwenyeji, Profesa!"



Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kufika Shiling. Nimeiandikia makala ngapi? Nimewatukana wangapi kwa ajili yake? Na hospitalini, hata mimi sikwenda.

Kwenye basi la kurudi nilijaribu kununa, nikashindwa. Fikiria: mtu aliyesema waliotawanyika wafuate wenzao amelazimika kuwafuata yeye. Sikumbadili kwa hoja. Kura moja ya mji mdogo ndiyo iliyompandisha basi. Nimeshindwa uchaguzi, na sijawahi kushinda ubishi kwa raha kama hii.

Hongera, Mwenyekiti Kassim. Jumatatu tutagombana upya.

Na ninyi wa Xiaobei mnaonishangilia kila ninapoitetea Shiling, nanyi hamjui hata basi lake linaondokea wapi: Jumamosi, saa tatu asubuhi, nitawangojea kituoni. Mama Rukia amesema atapika. Msiniletee vidole gumba. Pandeni.