Kinyonga kwa somo la soneti

Wambeti nitafutie uhamisho. Hapa Runyenjes mimi nimeisha 😭

Si nilikuambia leo afisa wa elimu, Bwana Gitobu, anakuja kuniona nikifundisha ndio nipandishwe cheo? Nikajifanya mjanja. Nikatoa Fomu Tatu nje, chini ya ule mti wa avokado, nikawasomea soneti ya mzungu fulani wa zamani anayelia eti binadamu ametupana na maumbile.

Mzee kwa kiti chake anatingisha kichwa tu. Amependa!

Sasa mimi na ujuaji wangu, mkono kifuani, macho nimefunga: "Wanafunzi, maumbile yanatuita. Yafungulieni moyo!"

Maumbile yakaitika. KINYONGA. Kwa bega langu.

Wambeti, KINYONGA!

Nilipiga nduru hadi watu wa boda boda wakakimbia getini. Kitabu nilirusha sijui wapi. Wale wa kufungua moyo walikuwa wameshafika stafrumu.

Nikageuka kuomba msamaha. Gitobu akaniambia, sauti ya kanisa kabisa: "Mwalimu, huyo mshairi alisema kweli. Nyinyi vijana mnaogopa hata kiumbe cha Mungu."

Maneno matamu sana. Aliyasema akiwa amesimama juu ya kiti, suruali ameivuta hadi magotini.